Hotuba ya Mwenyekiti: Jinsi Tulivyoinunua Nyumba Yetu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama thelathini na mmoja. Wapo waliotangulia mbele ya haki, tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Ahsanteni, tukae.

Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii atazisoma Katibu katika risala yake, na hesabu zimo humu kitabuni, kwa hiyo hatutazirudia. Sisi tumeombwa tueleze habari ya nyumba hii mliyokaa mbele yake. Watu wengi wanatuuliza, na wengine wanakuja jioni kimya kimya, hasa akina mama wajane na wale walioachika, wanasema, mama, na mimi nataka kununua kijumba cha zamani, nianzie wapi? Basi leo tuseme yote, pamoja na yale ya kutuaibisha.

Tulikuwa tunakutana kila Alhamisi kwenye varanda ya duka la mwenzetu. Mvua ikinyesha tunabanana na magunia ya mahindi, na sanduku letu lenye kufuli tatu linalala leo kwa huyu, kesho kwa yule, na anayelala nalo halali. Ndipo tulipokubaliana kwamba kila mwisho wa mwaka tunapovunja mzunguko, kila mmoja aache shilingi 60,000 kwenye mfuko wa nyumba. Tulifanya hivyo mwaka 2016, 2017 na 2018, tukawa na shilingi 5,580,000. Katika sisi wote hakuna hata mmoja aliyewahi kununua nyumba. Tulikuwa tumeolewa kwenye nyumba, tumefukuzwa kwenye nyumba, tumepaka samadi na kukandika nyumba, lakini kununua, hapana.

Wapo waliosema tujenge mpya. Hoja yao ilikuwa nzuri, maana nyumba mpya unajua kilichomo ukutani. Lakini wote tunaziona nyumba mpya za watu zilizosimama kwenye linta miaka sita, mpapai umeota sebuleni. Nyumba ya zamani unaingia leo na sanduku lako. Tena zile za zamani zina ukuta mnene, mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi. Tukapiga kura, waliotaka ya zamani wakashinda.

Sasa tusikilizeni hapa. Mapema mwaka 2019 tuliletewa habari ya nyumba moja, vyumba vinne, bei milioni tano. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, anasema yuko mteja mwingine kutoka Bunda. Tukamwuliza, na mama watoto anasemaje? Akajibu, mambo ya mke wangu niachieni mimi. Tukamwachia! Akina mama thelathini na mmoja, wenye katiba, mhuri na daftari, tukamwachia. Tukatoa arabuni ya shilingi 500,000 siku hiyo hiyo, karatasi ikaandikwa mezani pa duka.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, tuko katikati ya kuhesabu hisa, akaja mwanamke na mtoto mgongoni. Hakugomba. Alisimama pembeni mpaka tukamwita. Akasema, nimesikia mmenunua nyumba yangu, nimekuja kuwauliza niondoke lini, ili nijue pa kupeleka vyombo.

Jamani, siku ile hatutaisahau. Mwenzetu mmoja alilia mpaka tukamtoa nje, kwa sababu na yeye nyumba yake iliuzwa hivyo hivyo, alirudi kutoka shamba akakuta watu wageni wanapika jikoni kwake. Mambo tuliyokuwa tukiyalalamikia kila siku kwenye vikao vyetu tulikuwa tunamfanyia mwanamke mwenzetu, kwa pesa zetu za akiba. Hatuna la kujitetea. Hatukuuliza kwa sababu hatukutaka kusikia jibu.

Tulikwenda kwa afisa maendeleo ya jamii akatufungulia sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani, haipangishwi bila ridhaa ya mwenzi wa pili, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Tangu 1971! Wengi wetu tumezaliwa, tumeolewa na kuzaa chini ya sheria hiyo bila kuijua. Tukavunja mapatano. Yule baba alikuwa ameshakula nusu ya arabuni, akarudisha 250,000. Zile 250,000 nyingine zimeandikwa kwenye daftari la kikundi mpaka leo kuwa hasara, na kila mwanachama mpya tunamwonyesha ukurasa huo. Yule mama bado anakaa nyumbani kwake, naye tangu mwaka 2021 ni mwanachama wetu.

Nyumba ya tatu, tusijichanganye, ile ya pili hapa ndiyo ya tatu kuionyeshwa. Katikati kuna moja tuliyoikataa kwa kuitazama tu. Ilikuwa rahisi mno, iko karibu na mashimo ya wachimbaji. Dalali akatuambia kwa sauti ya chini kwamba chini yake kuna dhahabu, tutanunua nyumba na utajiri. Hapa petu, kwenye mgodi wa zamani, maneno hayo yana wateja. Lakini madini si ya mwenye nyumba. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini ni mali ya taifa, na kuyachimba kunataka leseni. Tulichoona sisi ni ukuta uliopasuka kutoka pembe ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, ufa unaoingia kidole, na uwanja ambao mchanga wa dhahabu ulikuwa unaoshwa kwa zebaki. Zebaki si kitu cha kuacha watoto wachezee. Tukasema ahsante, tukaondoka.

Hii tuliyomo ilijengwa na mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini kabla haujafungwa miaka ile ya 1960. Ni tofali za kuchoma, msingi wa mawe, madirisha ya vyuma na varanda ndefu hii mnayoiona. Mzee alishafariki. Mtoto wake mkubwa wa kiume ndiye aliyekuja kwetu mwishoni mwa 2019, akataka milioni tisa.

Safari hii tulikuwa tumeungua, tukawa tunapuliza hata maji baridi. Swali la kwanza lilikuwa: marehemu ameacha nani? Akasema mama mzazi yupo, na wapo ndugu, wanaume wawili. Tukamwuliza, na dada zako? Akacheka kidogo, akasema hao wameolewa.

Tukamwambia, kaka yetu, nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Inauzwa na msimamizi wa mirathi. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari na kupendekeza mtu, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo mahakama inamteua. Na hata akishateuliwa hauzi kama mali yake, anauza kwa niaba ya warithi wote. Sisi tutataka saini ya mama na ya watoto wote watano, dada wakiwemo.

Baba mdogo wao, mzee tunayemheshimu sana, alikasirika. Alisema binti hana neno kwenye nyumba ya baba yake, na kwamba sisi akina mama tumekuja kuharibu mila. Hatukumjibu kwa ukali, ni mkwe wa wenzetu wawili. Tulimwomba afisa maendeleo aje, naye akamweleza kwa adabu kesi ya Bi Holaria Pastory wa huko Kagera. Bi Holaria aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, na mtu wa ukoo aitwaye Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani adai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, mila zile zilizoandikwa serikalini mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote ila si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamrudisha nyuma Bi Holaria. Lakini Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, mwezi wa pili mwaka 1990, ikaamua kwamba ubaguzi huo unapingana na haki za binadamu zilizowekwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Kisha Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ya nne na ya tano, zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi sawa na mwanaume.

Mzee alikaa kimya, akauliza, huyo jaji alikuwa Mtanzania? Akaambiwa ndiyo. Akasema, basi waitwe hao mabinti.

Kazi hiyo yote ilichukua miezi saba. Miezi saba, ndugu zetu, si mchezo kwa watu wenye pesa mkononi. Maneno yalikuwa mengi. Tuliambiwa viongozi tumekula, tuliambiwa tunajifanya wanasheria na shule yetu ni ya darasa la saba. Wenzetu wawili walijitoa, tukawarudishia kila mmoja 240,000 yake, na hatuna kinyongo nao. Ila tunasema, miezi ile saba ndiyo ilikuwa nafuu kuliko zile dakika kumi za mezani pa duka.

Wakati wanahangaika na mahakama, sisi tulikuwa tunaikagua nyumba. Hapo tunataka kusema kidogo, maana mnunuzi wa kwanza huangalia rangi. Wenye nyumba walikuwa wamepaka chokaa mpya, ikapendeza. Sisi tukampeleka fundi mwashi mzee, tena siku ya mvua kwa makusudi, akapanda darini na tochi. Alishuka na kipande cha kenchi mkononi, akakifinya kikawa unga. Mchwa. Upande wa magharibi wote mbao zilikuwa zimeliwa, zimebaki ganda. Akagonga plasta, ikatoa sauti ya debe tupu. Akachokoa katikati ya tofali akakuta zilijengewa udongo, saruji ni ya nje tu. Akasema ukuta huo hauna tabu ukilindwa na maji, lakini bati likivuja misimu miwili, kwisha. Kwa hiyo tukajua pesa zetu ziende kwenye bati na mifereji kwanza, rangi baadaye kabisa.

Jambo lingine ni banda la jiko. Liliezekwa kwa zile karatasi nene za kijivu, na vijana wetu walitaka kuzivunja kwa nyundo. Fundi akawazuia. Ile ni asbesto, ikivunjwa inatoa vumbi ambalo ukilivuta hukaa mapafuni na miaka mingi baadaye huleta saratani. Tulimwita bwana afya, zikamwagiwa maji, zikateremshwa nzimanzima watu wakiwa wamejifunga pua na mdomo, zikafukiwa mbali kama alivyoelekeza. Wenye nyumba za zamani mliopo hapa, mkirudi nyumbani tazameni juu.

Tukaulizia na umeme. Mita ina deni au haina? Kwa sasa swali hilo ni kubwa zaidi, maana tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na mnunuzi anaweza kurithi malimbikizo ya mwenzake bila kujua.

Kwa uharibifu wote huo tulirudi mezani na kile kipande cha mbao kwenye mfuko wa nailoni. Bei ikashuka kutoka milioni tisa hadi 6,500,000. Fundi yule tulimlipa 30,000 na chai. Kuna wanachama walisema ni nyingi!

Kuhusu ardhi yenyewe. Wengi husema nimenunua ardhi. Mwalimu, jirani yetu wa Butiama, aliandika tangu mwaka 1958 katika Mali ya Taifa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu hata aiuze kama bidhaa, na sheria yetu imebaki hapo: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Unachonunua ni nyumba na haki ya kutumia mahali ilipo. Ndiyo maana barua ya mauziano peke yake haitoshi. Kama kiwanja kimepimwa, dai uone hati au barua ya toleo, na uende ofisi ya ardhi ukahakikishe. Kama ni ardhi ya kijiji kama hii yetu, uhamisho upitie Halmashauri ya Kijiji iukubali, na muhtasari uandikwe. Kikundi nacho kinaweza kumiliki, sheria ya mwaka 1999 inaruhusu watu waliojiunga pamoja. Tuliita majirani wa mipaka yote minne, tukatembea nao kwa miguu, kila mmoja akaonyesha mwisho wake na kutia saini. Upande wa chini jirani alisema mkuyu ni wake. Tukasema sawa, mkuyu wako, kivuli chetu sote.

Kulikuwa na maneno pia kuhusu jina. Baadhi ya waume zetu, na hapa tunawatania maana mmetusaidia kubeba bati, mlishauri nyumba iandikwe kwa jina la mwanaume mmoja mwaminifu ili iwe na mtu wa kuitetea. Tulikataa. Imeandikwa jina la kikundi, na wadhamini ni akina mama watatu kutoka vitongoji tofauti.

Siku ya kutia saini, mwezi wa sita mwaka 2020, kila kitu kikiwa tayari, mtendaji wa kijiji yupo, mashahidi wapo, pesa zimehesabiwa mara tatu, bibi mwenye nyumba, mjane wa marehemu, akaweka kalamu chini. Akasema, wanangu, mmeuliza habari za bati, mmeuliza mipaka, hamkuuliza watu wangu waliolala nyuma ya nyumba.

Tulikuwa tumeyaona makaburi. Yapo matatu, chini ya mwembe: la mume wake, la mama mkwe wake na la mtoto aliyefariki akiwa na miaka minne. Tuliyaona tukayapita, kila mmoja akidhani mwenzake atayasemea. Wengine walikuwa wameshapanga choo kipya kijengwe upande huo.

Hatukutia saini siku ile. Tuliahirisha kwa wiki moja, na wanachama wakaguna tena. Tulikaa na bibi tukakubaliana, ikaandikwa ndani ya mkataba: hatua kumi kuzunguka makaburi hatutajenga wala kulima, mwembe haukatwi, bibi na kizazi chake wana ruhusa ya kuingia wakati wowote kusafisha na kusali, na siku bibi atakapofariki, nafasi yake ipo pale pembeni ya mume wake. Mwanasheria mmoja aliyesoma karatasi hiyo baadaye alitikisa kichwa, akasema tumejifunga. Labda. Lakini bibi alichukua kalamu akaweka dole gumba na jina lake vyote viwili, na mabinti zake wakafuata.

Baada ya hapo ikaja kazi. Tulikuwa tumebakiwa na 210,000. Tulikisia ukarabati utakuwa 1,500,000, ukafika 3,640,000, na ulituchukua mpaka mwisho wa mwaka 2021. Anayenunua nyumba ya zamani ajue kwamba kila unapofungua ukuta unakuta jambo. Tulibadilisha kenchi upande mzima, tukaweka bati mpya, tukachimba choo upande wa barabarani. Madirisha ya chuma tuliyasugua wenyewe kwa msasa, hayana kasoro. Vyumba viwili tumepangisha, kimoja kwa fundi cherehani na kimoja ni stoo ya mazao, na sanduku letu lina chumba chake chenye mlango wa chuma. Siku hizi anayelala nalo ni kufuli.

Wenzetu saba tangu wakati huo wamenunua au kujenga nyumba zenye majina yao. Wengine wawili wamerudi nyumbani wakakaa na waume zao, majina yote mawili yakaandikwa. Wapo ambao bado, na pesa hazitoshi, tunalijua hilo. Mzunguko ujao tumepanga mkopo wa nyumba uwe na muda mrefu kuliko ule wa biashara, na pendekezo hilo litajadiliwa kwenye mkutano mkuu.

Bibi amekuja leo. Ndiye yule aliyevaa kitenge cha bluu, mstari wa kwanza, ameletwa na binti yake. Amekuja tangu asubuhi kabla hatujapanga viti, akafagia chini ya mwembe mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Mgeni Rasmi atakapozungushwa kuona vyumba tunaomba apite na upande ule, bibi anataka kumwonyesha. Chai na mihogo vipo varandani, na watoto mnaombwa msipande juu ya mwembe.